Mkanda wa Kufichia Bastola, na Mtu wa Kutangulia

Shabani, vua mkanda huo. Usinionee haya, mimi bibi yako, na suruali yenyewe imekubana hivyo haiendi popote. Nipe niushike.

Haya, na ninyi wengine sogeeni. Mwenzenu amepata kazi ya kuwalinda wanunuzi wa korosho msimu huu. Amepewa bastola, kibali anacho, na ameambiwa aivae chini ya shati isionekane. Vizuri, hongera. Lakini chuma kizito namna ile amekitundika kwenye kitu hiki, alichokinunua mnadani kwa sababu kinang'aa. Angalieni bizimu lake, sinia la harusi! Sasa tazameni: naushika ncha moja, ile nyingine naiacha hewani. Mmeona? Umeinama kama mlenda. Nikiukunja, ngozi inabanduka, na ndani kuna karatasi ngumu. Lo! Mjukuu wangu, umejifunga boksi kiunoni.

Mimi nimeshona ngozi hapa Newala tangu enzi za Mwingereza mpaka macho yalipokataa kuliona tundu la sindano. Nimeshona viatu, mikoba ya baiskeli, mikanda ya kila aina. Watu waliuliza, mwanamke na msharasi wa kutobolea ngozi, wapi na wapi? Nikawajibu, kamuulizeni mjomba wangu. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye watoto, baba ni mgeni wa heshima. Mume wangu aliponiacha na Hassani mgongoni, Mjomba Chitanda hakuniuliza kilichotokea. Alisema tu, "Somoe, mikono unayo. Njoo."

Watu walimwita Fundi Bama, kwa kuwa alikuwa keya, askari wa Mwingereza, na vita vya Mjerumani na Mjapani vilimpeleka huko Bama, ng'ambo ya bahari, kushona matandiko ya nyumbu. Mtu mfupi, kifua kipana, anaimba muda wote na kila wimbo anaukosea. Akijichoma na msharasi alitukana kwa lugha aliyodai ni Kibama, na kwa kuwa hakuna aliyeijua, hata shehe alimsamehe. Nilimpenda sana mzee yule. Nasema mapema ili msije mkadhani nasifu kwa adabu ya kusifu marehemu.

Alirudi na sheria moja. Huko Bama, alisema, njia zilikuwa ubavuni mwa milima, huku ukuta, huku korongo. Nyumbu amebeba masanduku ya risasi, na fundi aliyeshona tandiko hutembezwa upande wa korongo, chini ya mzigo wake. Ukanda ukikatika, masanduku yanamwangukia aliyeushona. "Tangu nilipotembezwa hivyo," alisema Mjomba, "sijawahi kuruka mshono."

Sheria hiyo alikuja nayo hadi nyumbani. Misheni ya Lulindi walipomwomba ukanda wa kuvutia kengele mpya juu, alikwenda akasimama chini ya kengele mpaka ikafika mahali pake. Mwislamu, na kofia yake kichwani, chini ya kengele ya kanisa! Padri akamsihi aondoke. Mjomba akamjibu, "Nikiondoka, ninyi mtauaminije?"

Basi, siku moja akatujia Sajini. Alikuwa Mmakua wa upande wa Chidya, askari wa Bwana Nyama, yule mzungu wa serikali wa wanyama pori; mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuombea radhi. Wakati huo simba alikuwa akisumbua njia ya wanawake ya kwenda kuteka maji. Ninyi mmekuta mabomba, hamwezi kujua. Huku juu uwandani maji hatukuwa nayo. Tuliteremka bondeni upande wa Kitangari alfajiri, tukapanda na ndoo vichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Simba alishamchukua mwanamke mmoja wa kitongoji cha pili. Mama yangu mzazi alikuwa akipita njia hiyo hiyo, nami nilipita nyuma yake.

"Shikamoo, Mzee," alisema Sajini.

"Marahaba, mwanangu. Watu wa bondeni mmetukumbuka leo? Mmekuja kutuletea maji?"

"Nimekuja kutaka mkanda, Mzee. Lakini hata maji nitabeba."

Akainua shati. Chini yake ilikuwako bastola, ndani ya ala ya ngozi, inaning'inia kwenye mkanda wa dukani. Akatueleza. Bunduki yake ndefu haikumsaidia kitu katika vichaka vyetu, maana huwezi hata kuigeuza. Kabla hujalenga, mizizi na mitambaazi imeshaikamata. Bwana Nyama akampa bastola. Nayo akiivaa nje inanaswa na miiba, na tena watu wakiiona wanamkimbia.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Nani asiyejua? Nusu ya nyumba za uwanda zilikuwa na gobori juu ya dari, na hakuna hata moja lililokuwa na kibali. Mtu mwenye silaha akiingia kijijini, wanaume wote wanakwenda shamba, hata wasio na shamba. Na Sajini alihitaji wamweleze nyayo zimeonekana wapi. Kwa hiyo bastola ilibidi ifichwe.

"Na mkanda una ubaya gani?" Mjomba akauliza, ingawa nilimwona ameshaujua.

Sajini akainamisha kichwa. "Juzi nilikutana na nguruwe dume kichochoroni. Nikavuta bastola. Ikaja na ala yake. Nikasimama nimemwelekezea nguruwe mfuko."

"Nguruwe akafanyaje?"

"Nadhani alinionea huruma, Mzee. Akaenda zake."

Tulicheka sote, na yeye akacheka. Kisha Mjomba akaweka msharasi chini. "Simba hana huruma ya nguruwe," akasema. "Somoe, leta ile ngozi ya nyati."

Hapa sikilizeni, hasa wewe Shabani. Mkanda wa suruali kazi yake kushika suruali. Mkanda wa bastola kazi yake ni kubaki pale pale wakati wewe unavuta kwa nguvu zote na roho iko mdomoni. Ukiwa mlaini, unapinda, ala inapanda na bastola. Ukiwa mwembamba kuliko tundu la ala unapopita, ala inacheza ngoma na mkono wako unaitafuta. Kwa hiyo upana wake uwe sawa na tundu la ala, uingie kwa kusukumwa. Chagua ngozi ya mgongo, usikubali ya tumboni. Ngozi ya tumboni ni ya mnyama aliyekuwa akila, hutanuka. Tazama ukingo: kama ni ngozi mbili zimeshonwa pamoja, utaona mstari katikati, na huo ndio imara. Na bizimu usiliweke mbele ya kitovu, litakuchoma ukiinama. Lisogeze kando kidogo.

Mjomba alimwambia Sajini arudi ngozi ikishakolea. Sajini hakuwa na subira, na nani angekuwa nayo, simba akiwa njiani? Akachukua ule mkanda wake mlaini akaamua kuukaza mwenyewe. Mnajua alifanya nini? Aliupaka mafuta ya maganda ya korosho! Alikuwa ameona tukiyapaka nguzo za nyumba mchwa wasile, na nguzo zinakuwa ngumu na nyeusi. Akapaka, akaanika, ukakauka, ukawa mweusi unang'aa kama wa Bwana Nyama mwenyewe. Akauvaa juu ya ngozi yake, chini ya shati, akaenda kutembea juani.

Ee, ninyi watoto wa korosho, mmeshaanza kucheka. Kikavu mkononi si kikavu kiunoni. Jasho lilipouamsha ule mkanda, ulimchoma mzunguko mzima.

Alirudi kwetu amevaa shuka, anatembea miguu imeachana. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba mwenye simba amemroga, maana ilisemwa yule simba si wa Mungu, ametumwa na mtu. Akatuonyesha kiuno, malengelenge mbele na nyuma. Mjomba akauchukua mkanda, akaunusa.

"Mchawi wako namjua," akasema. "Anaitwa mkorosho. Na aliyemtuma ni wewe."

"Mzee, niliukausha!"

"Uliukausha mkanda. Wewe mwenyewe ulikuwa mbichi."

Lakini baada ya kicheko tatizo likabaki. Simba alikuwa ameonekana tena karibu na chemchemi. Kiuno cha mtu kimechubuka, hakiguswi. Na bastola ilibidi ivaliwe, ifichwe, tena kesho kutwa, maana wanawake walikuwa wamekaa na kiu, na mama yangu alishaapa kwamba simba au si simba atateremka.

Hapo mimi nikasema. Nikamwambia, "Mjomba, sisi tukibeba kuni mgongoni na ndoo kichwani, kanga hatuifungi kiunoni. Tunaifunga chini, kwenye mifupa ya nyonga. Hapo kuna mfupa wa kuzuia, haipandi wala haishuki."

Mjomba akachukua kamba ya kupimia. Akapiga magoti, akampima Sajini kwenye nyonga, chini ya malengelenge, juu ya kitambaa cha kaniki. "Miaka yote hii," akasema, "nawafunga nyumbu tumboni na wanaume kiunoni, na wanawake wa nyumbani kwangu wanajua. Mama Hassani, mkanda huu ni wako wa kushona. Mimi nitakata."

Hakuwahi kuniita Mama Hassani kabla ya siku ile. Nilikuwa Somoe tu, mpwa wa kupewa kazi. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Alikata ngozi mbili za mgongo wa nyati, na katikati akaweka ukanda wa ngozi mbichi iliyokauka, ile isiyopikwa kwa magome ya mikoko, ngumu kama mfupa. Alijivuna nao. Ulisimama wenyewe mezani. Nikaushona kwa uzi wa nta, mshono juu ya mshono, na yeye anaimba vibaya pembeni. Kisha nikauvaa mimi, chini ya kanga, na jiwe ndani ya ala, nikaenda kutembea. Nikapanda na kushuka kilima cha nyuma ya nyumba nimebeba ndoo ya maji ya mvua tuliyoyahifadhi. Maji yakamwagika kidogo, kama yanavyomwagika siku zote. Niliporudi nikalivuta jiwe. Ala ikaja nalo.

Ile ngozi mbichi ilikuwa imelowa. Ikilowa inakuwa uji. Huko Bama mvua iliwanyeshea nyumbu, ndiyo, lakini matandiko yalifunikwa, na nyumbu hawapandi kilima na ndoo kichwani wakijimwagia wenyewe. Sajini angetembea katikati ya wanawake wenye ndoo.

Wapo mafundi ambao wangetafuta neno la kusema. Wangesema nimemwaga makusudi, au jiwe si bastola. Mjomba aliuchukua mkanda, akatukana kidogo Kibama, akaanza kufumua. Mshono wote ule mzuri! Mimi machozi yalinilenga. Yeye anafumua huku anaimba. "Kazi ikikukatalia usibishane nayo," akasema. "Imekwambia kabla simba hajakwambia." Akatoa ngozi mbichi, akaweka tabaka jingine la nyati lililoiva, akasugua nta kingo zote. Nikashona upya, ncha za vidole zikanitoka damu. Nikauvaa tena, nikamwagiwa maji makusudi na mama yangu, ambaye aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Nikavuta. Jiwe likatoka. Ala ikabaki.

Asubuhi ya kuteremka tulikusanyika ukingoni, wanawake na ndoo zao. Sajini alikuja amevaa shati refu la kuazima na shuka, ameshika kibuyu, hana chochote cha kuonekana. Wanawake wakamtania, Mmakua leo ameolewa Newala. Kisha vicheko vikazidi, maana nyuma yake alikuja Mjomba, na debe kichwani.

Ninyi hamwezi kuelewa. Mwanamume wa wakati ule hakuteka maji. Afadhali afe na kiu kwa heshima. Na huyu alikuwa fundi, mzee, keya aliyerudi na medali. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alimvuta pembeni. "Kaka, unatuaibisha."

"Nimeukata mkanda ule," akasema. "Natembea mbele ya aliyeuvaa."

Nikasema, "Nimeushona mimi, Mjomba. Mbele natembea mimi."

"Wewe una Hassani. Mimi nina debe." Akatangulia. Mimi nikamfuata, Sajini nyuma yangu, na mama na wenzake nyuma yetu. Nilimtazama mgongoni njia nzima. Nilikuwa na hofu, lakini zaidi ya hofu nilikuwa najiuliza kama nilikaza mshono wa mwisho karibu na bizimu.

Kuteremka hatukuona kitu. Tulijaza, tukapanda. Njia ile ina kona yenye kichaka kikubwa juu yake, na hapo ndipo simba alipotoka. Sikusikia mngurumo, msiamini hadithi. Nilisikia debe likilia tu. Mjomba akaenda chini, maji yakanimwagikia usoni, na nilipofungua macho simba alikuwa juu yake, amemkamata bega. Nilikaa chini pale pale.

Sajini alinipita. Nilikiona kitu hicho kutoka chini, karibu kabisa na macho yangu, na ninakiona hata sasa nikifumba. Mkono mmoja uliinua shati lililolowa, mwingine ukashuka kwenye nyonga. Bastola ilitoka. Mkanda haukusogea, ala haikusogea. Ikalia karibu kabisa na kichwa cha simba, ikalia tena. Yule mnyama akaachia, akayumba, akaingia kichakani.

Wanawake wanapiga kelele, mama yangu anaita jina la kaka yake. Nikatambaa mpaka kwa Mjomba. Bega lilikuwa vibaya, sitalieleza. Alikuwa amelala kwenye tope la maji yake mwenyewe, macho wazi. Akasogeza midomo nikainamisha sikio.

"Ala imebaki?"

"Imebaki, Mjomba."

"Basi niinueni."

Wanaume walikuja mbio kutoka juu. Na hapo ikatokea ajabu ya pili, maana walikuja na magobori yao, yale yote ya darini, mbele ya askari wa Bwana Nyama! Wakasimama wakamtazama Sajini na Sajini akawatazama. Kisha akageuza uso akaangalia mawingu. "Jua limeniumiza macho," akasema. "Sioni kitu. Nani anakwenda na mimi kichakani?" Wakaenda naye wote. Wakamkuta simba hayuko mbali, amekwisha kufa.

Bega la Mjomba lilipona katika hospitali ya misheni, lakini mkono haukuweza tena kuvuta uzi. Alirudi akaniletea msharasi wake wa Bama, ukaingia mkononi mwangu kama vile ulikuwa unajua njia. Akawa anakaa mlangoni, anaimba, anawaambia wateja, "Fundi ni yule ndani. Mimi ni mtu wa kutangulia." Na kila nilichoshona, kabla hakijatoka, alikivuta kwa mkono wake mzima, kwa nguvu. Hakuna hata kimoja kilichomkatikia. Hiyo ndiyo sifa yangu pekee ninayojali, zilizobaki gaweni.

Amekufa zamani. Mkanda nao ulikwenda na Sajini kwao, na nilisikia mwanawe aliufanya wa kumfungia ng'ombe. Ulishika, nina hakika.

Sasa wewe, Shabani. Chukua kitu chako hiki chenye karatasi, kakitupe, au mpe mtu mwenye suruali tu. Wewe unasimama kati ya watu na majambazi, na mama yako ananijia hapa kila jioni, anajifanya anataka chumvi, ili nimsikilize anavyoogopa. Unauliza duka lipi lina mikanda imara. Mimi nauliza swali jingine. Huyo aliyeutengeneza, unamjua? Ungemwita siku ya hatari, akakubali kutembea mbele yako?

Kuna ngozi ya mgongo kwenye sanduku langu, niliiweka kwa siku ambayo sikuijua. Hassani ana macho, atanitungia uzi. Mikono inatetemeka kidogo, lakini inakumbuka. Njoo Ijumaa. Utauvaa kwenye nyonga, utavuta mbele yangu, na ikija ala nitafumua na kuanza tena.

Na Jumatatu, siku ya kwanza ya mnada wa korosho, msininyime fimbo yangu. Gari la wanunuzi litashuka kwenye njia ile ile ya bondeni. Wewe panda nyuma, ndiyo kazi yako. Mwambie dereva kiti cha mbele kina mtu.